Mfuniko

Pipa jipya limeletwa kwa mkokoteni kutoka Mwanjelwa,
lita themanini, stenlesi, limevikwa blanketi kama mgonjwa.
Ni Juni. Loleza imejitanda ukungu hadi mabegani,
na mimi nimesimama mlangoni, Ilomba, mikono kwapani,
nikijitazama kwenye ubavu wake: mfupi, mnene,
na pua pana kuliko niliyozaliwa nayo.

"Chuma hiki hakijui kutu," alisema fundi Ambindwile
akihesabu akiba yangu ya miezi kumi na minne.
"Pika ulezi wako leo hii."

Subilaga, mtoto wa kaka, aliyesomea kuchomelea,
akapitisha kidole ndani, akaninyoshea.
Cheusi.
"Mafuta ya mashine, shangazi.
Unataka wateja wanywe gereji?"

Basi tukaliosha.
Sabuni, maji ya moto, kitambaa cheupe
kilichokuwa shuka langu la harusi.
Kikatoka kijivu. Kikatoka kijivu.
Mara ya tano kikatoka shuka.

Nikadhani tumemaliza.
Akachomoa kwenye mkoba unga wa ndimu, nusu kilo,
akaniambia chuma hiki kina ngozi,
nyembamba, jicho haliioni,
na hujishonea chenyewe kikipata hewa;
ila palipochomelewa ngozi imeungua,
na palipopigwa brashi pamebaki vumbi la chuma kingine.
Uchachu unamtoa mgeni.
Hewa inafanya yaliyobaki.

Nikacheka, halafu nikaacha kucheka.
Mama, kule Kiwira, hakuamini chungu kipya hata siku moja.
Alikichemshia uji wa pumba, akakilaza nao usiku kucha
hadi vinyweleo vyake vizibe.
Chungu kigeni, alisema, kwanza ukilishe
ndipo kikulishe.

Lakini nami nina ubishi wa kwetu.
Nikasema: pipa lioshe kwa ndimu yako,
mfuniko niachie hivihivi,
tuone kati yako na Ambindwile nani mwongo.

Maji ya vuguvugu, makali,
yakanitafuta kila ufa wa vidole.
Saa nzima tunalizungusha kama mtoto asiyelala.
Tukasuuza. Tukaliinamisha kwenye jua la Juni,
jua la jina tu,
bila kulifuta, lipumue.

Siku ya nne, kwenye mfuniko, penye weldi ya mkono wake,
vidoa vitatu vyekundu,
vidogo kama punje za ulezi.

Nikaupeleka Mwanjelwa nimeuficha ndani ya khanga.
Ambindwile hakubisha.
Alitazama vidoa, akatazama brashi yake ya waya
iliyolala juu ya geti jeusi la mtu,
akaiinua taratibu
kama aliyegundua mwizi ni yule anayemlisha.
"Ninayo hii hii moja," akasema.

Na pipa? Jeupe hadi leo.
Siapi kwamba ni ndimu.
Huenda ni sabuni. Huenda asubuhi ile
pipa halikuguswa na brashi ya mageti.
Subilaga mwenyewe anasema mfuniko mmoja si ushahidi.
Ndiyo shida ya kusomesha watoto.

Kimpumu cha kwanza kiliiva Jumamosi.
Mzee Mwaitege alivuta mrija, akanyamaza,
akavuta tena, akatafuta neno mbali huko Loleza.
"Hakina ladha ya chombo," akasema,
na miaka thelathini nikipika
sijawahi kupewa sifa kubwa kama hiyo.

Mfuniko sijausugua.
Unaning'inia ukutani juu ya chungu cha mama,
na vidoa vyake sasa ni vitano.
Chombo kipya kikija kinanimetea mlangoni,
nautazama kwanza,
kisha naita maji ya moto.

Pipa nalifunika kwa sinia.